Nikiondoka, Nani Atamtunza?
Safari ya utunzaji wa wagonjwa wa akili, kutoka Mathari hadi Shirere

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala maji safi. Leo tunazungumza juu ya mtu mzima aliye nyumbani mwako na ambaye anaugua ugonjwa wa akili. Huenda ni mwanao, binti yako, mume wako, shemeji yako au mzazi wako.

Tuseme kuna mama mmoja hapa Shirere, katika Kaunti ya Kakamega. Hatumpi jina, kwa sababu si mtu mmoja. Ni wengi, na huenda wewe unayesikiliza ni mmoja wao. Mwanawe ana miaka 34. Alianza kuugua akiwa shuleni, karibu na mtihani wa kidato cha nne. Kuna miezi anapolima, anachota maji na kucheka na watoto wa jirani. Kuna miezi mingine hapati usingizi, hataki kula, na huzungumza na watu ambao hakuna mwingine anayewaona. Mama huyu amepita miaka 60. Magoti yanamuuma. Usiku, nyumba ikitulia, swali linalomkosesha usingizi si jina la ugonjwa. Swali lake ni hili: mimi nikiondoka, nani atamtunza?

Kina mama, swali hilo lina historia ndefu. Watu wengi wamejaribu kulijibu kabla yetu. Wengine walilijibu vibaya, wengine vizuri. Tukijua walivyofanya, tutajua pa kuanzia hapa kwetu.

Kabla ya kuwapo hospitali

Zamani, katika nchi hii ya Waluhya kama ilivyokuwa kwingine, mgonjwa wa akili alikuwa wa ukoo. Mtu aliyeitwa mulalu alijulikana ni mtoto wa nani na wa boma gani. Akipotea njia, aliyemkuta alijua pa kumrudisha. Ugonjwa ukizidi, wazee walikutana, mganga aliitwa, na watu wa nyumbani waliulizana kama kuna jambo lililoharibika katika ukoo. Mgonjwa akitulia, alirudi kwenye kazi kama wengine, kuchunga ng'ombe au kupalilia.

Lakini tusiisifu zamani kupita kiasi. Kamba ilikuwapo. Mtu aliyekuwa mkali alifungwa kwenye mti au kwenye nguzo ya nyumba, na wengine waliachwa hapo siku nyingi. Wengine walifukuzwa kwa kuogopwa kwamba wana laana. Kwa hiyo zamani ilikuwa na jambo moja zuri sana na jambo moja baya sana. Zuri ni kwamba mgonjwa hakuachiwa mtu mmoja. Baya ni kwamba hapakuwa na dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe, na watu wakiishiwa na maarifa walichukua kamba.

Kisha mambo yakabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ilipatikana Kakamega, na watu wakamiminika kwenye migodi kama ile ya Rosterman, karibu na mji wetu. Wakati huohuo vijana wetu waliondoka kwenda kutafuta kazi kwenye reli, kwenye mashamba ya walowezi na mjini Nairobi. Kodi ilidaiwa kwa pesa, na pesa ilikuwa mbali. Nyumba iliyokuwa na mikono 10 ikabaki na minne. Mtu akiugua akili akiwa Nairobi, pale hapakuwa na mjomba wala shangazi wa kumshika mkono. Palikuwa na polisi.

Mathari, mwaka wa 1910

Nyumba ya kwanza ya serikali ya wagonjwa wa akili katika nchi yetu ilifunguliwa Nairobi mwaka wa 1910. Ilianza katika majengo yaliyokuwa yametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Fikirini hilo kidogo. Ndui ni ugonjwa wa kuambukiza, na mtu alitengwa ili asiwaambukize wengine. Ugonjwa wa akili hauambukizi. Lakini wagonjwa wa akili waliwekwa palepale, nyuma ya kuta zilezile. Mwaka wa 1924 mahali hapo pakapewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari, jina tunalolijua hadi leo.

Wakati wa ukoloni wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu peke yao, Waasia peke yao, Waafrika peke yao. Kazi kubwa ya mahali hapo ilikuwa kuwaondoa barabarani watu waliosumbua. Kuwaponya kulikuja nyuma.

Daktari mmoja Mwingereza, J. C. Carothers, alisimamia Mathari tangu mwaka wa 1938 hadi 1950. Aliandika mengi juu ya akili ya Mwafrika, na mengi ya hayo yalikuwa ya dharau. Wataalamu waliokuja baadaye waliyakataa. Lakini katika utafiti wake wa mwaka wa 1947 aligundua jambo linalotufaa leo: Waafrika waliokuwa wakifanya kazi mbali na kwao walifikishwa Mathari kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wale waliobaki nyumbani. Yeye alikuwa na maelezo yake. Sisi tunaweza kuona jambo la wazi zaidi. Aliyebaki nyumbani alikuwa na watu wa kumbeba. Aliyekuwa mbali hakuwa nao.

Mtu wa Kimilili

Kuna sababu nyingine iliyofanya watu wetu wa Magharibi waogope hospitali ya akili. Wengi mmesikia habari za Elijah Masinde, mtu wa Kimilili, aliyewahi kuichezea Kenya kandanda na baadaye akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Masinde aliwapinga wakoloni waziwazi. Mwaka wa 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka Mathari kana kwamba ni mgonjwa wa akili, na akakaa huko hadi mwaka wa 1947. Mwaka uliofuata alihamishwa na kuzuiliwa Lamu, mbali kabisa na kwao, na hakuachiliwa hadi mwaka wa 1961.

Fikirini somo ambalo watu walipata. Kama mtu anaweza kupelekwa Mathari kwa kumpinga mzungu, basi Mathari ni jela yenye jina lingine. Hofu hiyo haikuisha uhuru ulipokuja. Hata leo watoto wakigombana hutukanana kwa jina la Mathari. Na mama mwenye mtoto mgonjwa husita. Husema, "Nikimpeleka hospitali, watu watasema nini?" Mama, hofu yako haikutoka hewani. Ilitengenezwa. Lakini ukijua ilikotoka, unaweza kuiweka chini na kumpeleka mgonjwa wako kliniki.

Dawa zafika

Jambo kubwa lilitokea Ufaransa mwaka wa 1952. Madaktari wa Paris walianza kutumia dawa iitwayo klopromazini kwa wagonjwa wanaosikia sauti na kuona mambo yasiyokuwepo. Watu waliokuwa wamefungwa miaka mingi walitulia, wakaweza kuzungumza, kula pamoja na wenzao na kulala usiku. Dawa hiyo na nyingine zilizofuata zikaenea duniani. Baadaye zikaja sindano ambazo mtu huchomwa mara moja kwa wiki kadhaa, zikiwafaa wale ambao kumeza vidonge kila siku kunawashinda.

Dawa hizo haziponyeshi kila kitu. Zina madhara pia: wengine hutetemeka mikono, wengine hukakamaa shingo, wengine hunenepa au husinzia mchana. Lakini zilifungua mlango. Kwa mara ya kwanza iliwezekana mgonjwa mkali kutibiwa na kurudi kwao bila kamba na bila ukuta.

Baada ya uhuru, serikali yetu ilianza kufungua wadi za wagonjwa wa akili katika hospitali za mikoa, ili kila mtu asilazimike kusafiri hadi Nairobi. Kakamega ikiwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, huduma hiyo ilifika kwenye hospitali yetu ya mkoa. Hospitali hiyo leo ni Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Kakamega. Mtu wa Shirere anaweza kuifikia kwa bodaboda.

Hata hivyo, tatizo moja lilibaki. Hospitali humtibu mgonjwa wiki mbili au tatu, kisha humruhusu aende. Anarudi wapi? Anarudi kwa mama yuleyule, mwenye magoti yaleyale. Dawa zikiisha, nauli ikikosekana, anaugua tena. Anarudishwa. Anaruhusiwa. Anaugua tena. Waganda na Watanzania waliona hayo, nasi tukayaona. Ikajulikana kwamba dawa peke yake, bila watu, haitoshi.

Walivyofanya wenzetu

Mwaka wa 1954, kule Abeokuta nchini Nigeria, daktari Mwafrika aitwaye Thomas Adeoye Lambo alifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Alikuwa amesomea Uingereza na angeweza kujenga kuta ndefu kama walizojenga Waingereza. Badala yake, alikwenda kuzungumza na wanakijiji wa vijiji vilivyozunguka hospitali ya Aro. Aliwaomba wawapangishe wagonjwa vyumba. Kila mgonjwa alikuja na jamaa yake, aghalabu mama, dada au kaka, aliyempikia na kumfulia. Mchana mgonjwa alikwenda hospitali kupata dawa. Jioni alirudi kijijini, akala chakula cha watu, akasikia ngoma za watu, akasaidia kazi za shamba. Wanakijiji nao walipata kodi ya vyumba. Daktari Lambo aliwashirikisha hata waganga wa kienyeji, akiwasikiliza kuhusu mila na hofu za wagonjwa. Baadaye akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Tanzania nayo, katika miaka iliyofuata uhuru, ilianzisha vijiji vya kilimo ambako wagonjwa wa akili waliishi na kulima huku wakipata matibabu.

Na hata Ulaya kuna mji mdogo nchini Ubelgiji, unaitwa Geel. Tangu zama za kale familia za mji huo huwapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao. Mgonjwa hula mezani pamoja nao, huwasaidia kazi, hulea watoto wa nyumba hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wagonjwa waliokaa katika nyumba za watu wa Geel walikaribia 4,000. Mzee wa nyumba akifa, mara nyingi mgonjwa alibaki na watoto wa nyumba hiyo. Umeona, mama? Swali lako la usiku, wao walipata namna ya kulijibu. Mgonjwa alizoewa na nyumba nzima na mtaa mzima, kwa hiyo kifo cha mtu mmoja hakikumtupa nje.

Wagonjwa wenyewe wasimama

Sasa turudi Kenya. Mwaka wa 2005 shirika la BasicNeeds lilianza kazi nchini. Njia yake ilikuwa rahisi kueleza. Kliniki ya akili ipelekwe karibu na watu. Wagonjwa na walezi wao waungane katika vikundi vya kujisaidia. Na mtu akipata nafuu, asaidiwe kuanza kazi, awe na kuku, mboga au kibanda cha kuuzia. Watafiti waliwafuatilia watu wa Nyeri Kaskazini na Meru Kusini kwa miaka miwili, na wakachapisha matokeo mwaka wa 2013. Afya ya wagonjwa ilikuwa bora, waliweza kuishi vizuri na wenzao, na wengi zaidi walikuwa wakifanya kazi.

Mwaka wa 2007 Wakenya waliokuwa wameugua ugonjwa wa akili waliunda chama chao wenyewe, kinachojulikana kama USP Kenya. Hukutana katika vikundi, huzungumza, hufundishana haki zao na husaidiana kukata mashauri magumu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za afya ya akili katika jamii, na likakitaja chama hicho kuwa mfano mzuri kwa mataifa mengine.

Mwongozo huohuo ulitaja pia kazi ya bibi wazee wa Zimbabwe. Mwaka wa 2006 Daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye huzuni na mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo linafaa zaidi watu wenye huzuni na wasiwasi. Mgonjwa anayesikia sauti anahitaji dawa pia. Lakini somo ni moja: kusikiliza ni tiba, na mama wa mtaani anaweza kufunzwa kusikiliza.

Hapa kwetu, katika Kaunti ya Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake walifanya jambo kama la Lambo. Waliwaketisha pamoja wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na wahubiri. Kila mmoja alijua mgonjwa wake hupitia kwa mwenzake. Walipozungumza, mganga na mhubiri walijua ni lini wamwambie mgonjwa, "Huyu apelekwe kliniki."

Sheria nayo yasonga

Mwaka wa 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hiyo unapomkataza jirani asimwite mwanao mulalu au kichaa, huna kiburi. Una Katiba mkononi.

Mwaka wa 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba huduma za afya ya akili nchini zimepuuzwa. Mwaka wa 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili, iliyotungwa mwaka wa 1989, ilifanyiwa marekebisho. Sasa serikali za kaunti zina jukumu la kutoa huduma hizi, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu yake na kushiriki katika uamuzi juu yake. Januari mwaka wa 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu ni kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali. Mahali pake si selo.

Lakini kina mama, tusidanganyane. Sheria iko kwenye karatasi, na mgonjwa yuko nyumbani. Dawa huisha kwenye kituo. Wauguzi wa akili ni wachache. Ndiyo maana tunarudi Shirere.

Basi Shirere tufanye nini?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jirani akiutazama mzigo wako anauona mwepesi, kwa sababu hajaubeba. Kwa hiyo usingoje waone wenyewe. Wape wabebe kidogo. Turudi kwa mama yetu wa mwanzo, tuone anavyoweza kuugawa mzigo wake.

Kwanza, na azungumze na mwanawe mwenyewe, siku ambayo yuko vizuri. Amuulize: "Mwanangu, ukianza kuugua, wewe huhisi nini kwanza? Ungependa nani aje? Nani hutaki aje? Dawa gani ilikusaidia, na gani ilikusumbua?" Ayaandike majibu kwenye daftari, au amwambie mtoto anayesoma ayaandike. Wagonjwa wengi hujua dalili zao za mwanzo kuliko sisi. Mmoja atasema ni kukosa usingizi siku tatu. Mwingine atasema ni kuhisi kwamba watu wa redio wanamsema. Daftari hilo liwekwe pamoja na kadi ya kliniki.

Pili, na achague watu watano na kumpa kila mmoja kazi moja ndogo. Si kazi tano kwa mtu mmoja. Dada wa mgonjwa aliye Nairobi, kazi yake iwe nauli ya kliniki kila mwezi. Mjomba, kazi yake iwe kwenda naye kliniki mama anapokuwa mgonjwa, ili muuguzi amjue. Jirani, kazi yake iwe kumwangalia mama anapokwenda mazishini au kanisani. Kijana wa bodaboda anayeaminika, ajue mapema kwamba usiku wa taabu ataitwa, na ajue kumbeba mgonjwa kwa upole. Na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu, yule mwenye mkoba wa vifaa anayepita nyumba kwa nyumba, aandike jina la mgonjwa katika orodha yake na kuuliza habari zake kila anapopita.

Mzee wa mtaa, liguru, aarifiwe pia. Msimwogope. Akijua mgonjwa na nyumba yake, siku ya fujo yeye ndiye atakayewazuia vijana wenye rungu. Watu wetu wengine wameumizwa si kwa sababu ya ugonjwa wao, bali kwa sababu hakuna aliyesema, "Huyu namjua, ni mtoto wa fulani."

Tatu, dawa. Mgonjwa akipata nafuu, msiache dawa kwa sababu amepona machoni pa watu. Kuacha ghafla huurudisha ugonjwa. Akitetemeka, akikakamaa au akisinzia mno, mwambieni muuguzi au tabibu, ambaye anaweza kupunguza au kubadilisha dawa. Msimpunguzie wenyewe. Dawa zikikosekana kituoni, ulizeni ni kituo gani kingine kinazo kabla hazijaisha nyumbani, si siku ya mwisho. Maombi na dawa vinaweza kwenda pamoja. Mhubiri anayewaambia mtupe dawa ili kuonyesha imani, muulizeni kama yeye atakuja kukesha na mgonjwa usiku ule.

Nne, kamba. Tunajua hakuna mama anayemfunga mwanawe kwa kupenda. Humfunga kwa sababu yuko peke yake, usiku ni mrefu, na barabara ina magari. Lakini kamba hukata mkono, huzuia damu, na mgonjwa haisahau. Watu watano wakijua zamu zao, haja ya kamba hupungua. Ikiwa leo kuna mtu amefungwa katika boma lako, usijifiche. Mwite mhamasishaji wa afya au nenda kituo cha afya kilicho karibu, useme ukweli. Umekuja kutafuta msaada kwa ajili ya mgonjwa, na hilo ni jambo la heshima.

Tano, kikundi. Walezi wachache wakianza kukutana mara moja kwa mwezi, chini ya mwembe au kanisani, tayari wameanza. Wakifika watu 10, wanaweza kukisajili kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii na kufungua akaunti. Shilingi kidogo za kila mwezi zaweza kuwa akiba ya nauli na dawa. Wagonjwa waliopata nafuu wawe wanachama kamili, wapige kura na washike vyeo. Na baada ya kupimwa hospitalini, mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekuwa ulemavu anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulizeni muuguzi awaeleze hatua zake.

Sasa zile dalili ambazo hazingoji. Mgonjwa akisema anataka kufa au kujiumiza, akikataa kula na kunywa kabisa, akiwa na homa kali pamoja na kukakamaa mwili, akianguka kifafa kisichokoma, au akitishia kumuumiza mtu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Malaria na magonjwa mengine ya mwili yanaweza pia kumfanya mtu azungumze ovyo ghafla, kwa hiyo apimwe yote. Anayesema anataka kufa, msimwache peke yake. Ondoeni dawa za shambani na kamba mahali anapoweza kuzifikia, mketi naye, mmuulize bila kuogopa. Kumuuliza hakumpi wazo jipya. Humpa nafasi ya kusema.

Na mama, wewe je?

Mlezi naye ni mtu. Ukiona hulali, unalia bila sababu, au umechoka hata hutaki kuamka, nawe nenda kliniki ukaonwe. Ukikwenda kwenye mazishi ya ndugu yako na kumwachia jirani mgonjwa siku moja, hujamtelekeza. Unamzoeza kuishi na wengine, na unawazoeza wengine kuishi naye.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Zamani ukoo ulimbeba mgonjwa bila dawa. Kisha serikali ikajenga ukuta bila ukoo. Kisha dawa zikaja, na mzigo ukabaki kwa mama mmoja. Aro walifunga pamoja dawa na watu, na Geel kifo cha mzee hakikumtupa mgonjwa nje. Mama wa Shirere hawezi kujua siku yake ya kuondoka. Lakini anaweza kuanza wiki hii kumtambulisha mwanawe kwa watu watano, mmoja baada ya mwingine, ili siku hiyo ikifika, kijana huyo asiwe mgeni kwa mtu yeyote.

Kumbukeni

Ugonjwa wa akili hauambukizi na si laana. Una tiba.
Mgonjwa aulizwe mwenyewe anataka nini, siku yuko vizuri.
Watu watano, kila mmoja na kazi moja ndogo.
Dawa zisiachwe bila kumuuliza muuguzi au tabibu.
Kamba si tiba. Iteni msaada.
Mlezi naye atunzwe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi cha wasikilizaji

1. Katika mtaa wenu, mgonjwa wa akili akipotea njia leo, nani atajua pa kumrudisha?
2. Ni majina gani tunayowaita wagonjwa wa akili? Yapi tuyaache?
3. Kila mlezi ataje watu watano anaoweza kuwagawia mzigo wake. Ni nani atazungumza naye kwanza, na siku gani?

Mbisheni hodi kwa jirani mmoja mwenye mgonjwa, mmuulize amelalaje.